Nyasi za Bibi Yako

Nshambya, jioni

Mwanangu Kemilembe,

Ulikwenda mjini tangu mchana, na sasa utakuwa umepita Kibeta kumuaga shangazi yako Justa, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Mama yako yuko jikoni anapika ebitoke, ndizi zetu, na kunung'unika, na anayenung'unikiwa ni mimi. Sababu utaiona mwenyewe ukifungua mlango wa sebuleni.

Sikuandikii habari za sweta. Mama yako ameshakuambia habari za sweta, na za pasipoti kukaa kwenye mkoba wa mkononi, na za kutokula kitu usichokijua jina. Kama kuna agizo alilolisahau, basi halijawahi kuwepo duniani. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu Jumapili, uliponipa hotuba yako niisome.

"Tata, nisahihishie Kiingereza," ulisema. Nikaisoma. Jioni ukaniuliza, "Vipi?" nikakujibu, "Nzuri sana, sina la kusahihisha." Ukafurahi, ukaenda zako kupanga nguo. Kemi, nilikudanganya. Kiingereza ni kizuri kweli, umenipita mbali. Lakini ule ukurasa wa pili nimeusoma labda mara kumi, na kila nikiumaliza natoka nje kwenda kukagua migomba ambayo haina shida yoyote.

Ukurasa wa pili unasema kwamba baba yako na wenzake walipanda msitu juu ya kilima kitupu kule kwetu Muleba. Unasema kwamba bibi yako alipofariki, wewe ukiwa na miaka minane, waombolezaji walikaa sebuleni kwake juu ya picha kubwa za msitu huo, na hapo ukaona jinsi kijiji kilivyoiheshimu kazi ya baba, ukaamua na wewe utaifanya. Wiki ijayo utasimama kwenye kongamano, mbele ya watu wa nchi zote hizo, uyasome hayo. Kisha utabaki kule mwaka mzima kwenye mafunzo ya kubadilishana, ukijulikana kama binti wa yule mtu wa msitu.

Haikuwa heshima, mwanangu. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na usinikatishe, maana najua ungekuwa umekaa hapa ungeshanikatisha.

Wewe umekikuta chama chetu kina ofisi, gari na kibao barabarani. Tulipoanza tulikuwa watu saba, walimu na wakulima, tunakutana kwenye chumba nyuma ya ghala la kahawa, tumekalia magunia. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, kwa sababu nilifundisha jiografia na nilikuwa na mashine ya kuchapa. Tulitaka mema, naomba uliamini hilo. Kuni zilikuwa zimeadimika, upepo ulikuwa unang'oa mabati, na kila aliyejenga alihangaika kupata mbao. Tukaotesha miche ya misonobari kwenye vitalu. Ilipokuwa tayari tukajiuliza, tuipande wapi?

Vibanja vyote vilikuwa na wenyewe, vimejaa migomba na kahawa mpaka mlangoni. Bondeni ni maji. Ikabaki rweya, zile nyasi za juu ya kilima ambazo si kibanja cha mtu. Nilichora ramani ya kijiji kwa mkono wangu, nikapaka vibanja rangi ya kijani, bonde nikalipaka buluu, na rweya nikaiacha karatasi nyeupe. Chini yake nikaandika, "ardhi isiyotumika". Nilijisikia msomi hasa.

Sasa sikiliza. Bibi yako alikuwa akikwea kwenda kwenye rweya ile kila Jumamosi ya maisha yake. Alikuwa anaondoka na mundu na kamba, anarudi na mzigo wa nyasi kichwani mkubwa kiasi kwamba ukimwona kwa mbali huuoni uso. Nyasi hizo alizitandaza kwenye migomba ili udongo usikauke, na nyingine alizitandika ndani ya nyumba, sebuleni, watu wakakalia. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji kule juu. Nimekula ndizi zilizolelewa na nyasi zile tangu sijaota meno. Kahawa iliyonisomesha mpaka chuo cha ualimu ilitoka kwenye kibanja hichohicho. Na bado, nilipofika pale kwenye ramani, kalamu haikusita hata kidogo. Nilikuwa nimezoea kumwona mama yangu akienda kule kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kumwona.

Misonobari ikashika vizuri. Miaka ikapita, ukaja mwaliko wa kongamano la kimataifa la mazingira. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu ya Kiingereza. Loh, Kemi! Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanikataa. Wanachama walinichangia koti, na Padri akaniombea misani kana kwamba naenda vitani.

Nitakuambia kitu kuhusu kongamano ambacho hawakiandiki kwenye zile karatasi za maelekezo. Watakupenda. Ndiyo, watakupenda, na hapo ndipo penye shida. Utavaa beji shingoni yenye jina lako na jina la nchi yako, na watu wasiokujua watakusimamisha kwenye mapumziko ya kahawa wakuulize habari za kijiji chako huku wamekutolea macho. Mimi sikuwahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote, hata na darasa langu. Usiku nililala na beji.

Kila mjumbe alipewa dakika saba. Binti aliyekuwa akitupanga akaniambia, "Mwalimu, maneno machache, picha mbili. Kabla na baada." Picha ya baada nilikuwa nayo, misonobari imesimama kama wanafunzi mstarini. Ya kabla nilikuwa nazo tatu. Mbili zilionyesha rweya ya kijani, nyasi zimefika kiunoni, na katika mojawapo kulikuwa na wanawake wawili wameinama wanakata. Ya tatu niliipiga kiangazi, juma moja baada ya rweya kuchomwa moto ili nyasi changa zichipuke. Pale palikuwa peusi tititi, hakuna hata panzi. Nilikaa kitandani kule hotelini nikazitazama zote tatu. Hakuna aliyenishauri, nilichagua mwenyewe ile nyeusi.

Nikasimama, nikasema dakika zangu saba, wakapiga makofi. Kemi, makofi ni matamu. Moyoni nilijiona nimefika.

Halafu mzee mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mfugaji kutoka nchi ya milima, amevaa kofia ya manyoya ndani ya ukumbi wenye joto, na alizungumza kupitia mkalimani. Swali lake lilikuwa fupi. "Kabla ya miti, nani alikuwa akiitumia ardhi hiyo?"

Nikajibu papo hapo, sikuvuta hata pumzi. Nilisema, "Hakuna mtu."

Yule mzee akangoja mkalimani amalize, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu, akakaa. Hakubisha. Mpaka leo sijui alikuwa anawaza nini, ila nadhani alikuwa ameshawahi kulisikia jibu hilo, tena likisemwa kuhusu kwao. Chakula cha jioni nilichagua meza iliyokuwa mbali naye.

Nilirudi nyumbani na mabango manne makubwa ya plastiki, yale waliyokuwa wameyatundika ukumbini, yenye picha ya msitu wetu na maandishi kwamba ardhi tupu imekuwa msitu. Ofisi ilikuwa inavuja, kwa hiyo nikayahifadhi kwa bibi yako. Ufadhili ukaja. Tukapanda kilima cha pili, na cha tatu.

Na wageni wakaanza kuja. Si unakumbuka ule mpango wa kubadilishana, wao kuja kwetu na sisi kwenda kwao? Nilijua gari lisimame wapi ili misonobari ionekane vizuri. Siku moja mgeni mmoja, kijana mpole kweli, akaomba azungumze na mwanakijiji yeyote. Aliyekuwa anapita njiani wakati huo, mundu mkononi na kamba begani bila mzigo wowote, alikuwa bibi yako.

Mgeni akamsalimia kwa heshima zote. Akamwuliza anaionaje hii miti. Bibi yako akanitazama mimi, siyo yeye, akasema kwa Kihaya, "Mwambie miti ni mizuri. Lakini mwulize, sisi tukakate wapi nyasi? Leo nimetembea tangu asubuhi, nimerudi hivi unavyoniona."

Mimi nikamgeukia mgeni nikasema kwa Kiingereza, "Anasema miti ni mizuri, na anashukuru sana."

Mgeni akacheka kwa furaha, akamshika bibi yako mikono yote miwili, wakapigwa picha. Picha hiyo imetoka kwenye kijitabu chetu, unaijua. Umewahi kuniuliza kwa nini bibi hakutabasamu, nikakujibu kwamba wazee wa zamani waliogopa kamera.

Jioni nilipita kwake. Alikuwa ameniwekea chakula. Akaniuliza, "Deo, yule mgeni alikuwa anafurahia nini?"

Nikasema, "Alifurahi kukuona, mae."

"Kwa yale niliyomwambia?"

Nikainama kunawa mikono. Alinitazama kidogo, kisha akasogeza sahani karibu yangu akasema, "Kula, zinapoa." Nikala, mwanangu. Ukiniuliza ninajutia nini zaidi katika haya yote, sitakutajia kongamano. Nitakutajia ile sahani, kwamba niliimaliza.

Miaka miwili baadaye akafariki, na wewe ulikuwepo. Kwetu msiba hauna viti, unajua. Nyumba inatandikwa nyasi, na watu wanakaa chini, wanalala hapohapo siku zote za kilio. Majani ya migomba tuliyatandika uani, lakini sebuleni, alipolazwa marehemu, panatakiwa nyasi. Tukawatuma vijana wanne. Walizunguka kutwa, wakarudi na mafungu mawili ambayo yasingetosha hata mlangoni. Mmoja akaniambia bila ubaya wowote, "Mwalimu, huko juu kote ni miti. Chini yake hakuoti kitu, ni sindano tupu." Watu walikuwa wamesimama nje kwenye manyunyu, wanangoja kuingia kumlilia mama yangu, na hapakuwa na pa kukaa.

Shangazi yako Justa ndiye aliyeingia chumba cha ndani akatoka na yale mabango. Aliyakung'uta vumbi mbele ya watu wote akasema, "Tandikeni haya makaratasi ya Ulaya ya kaka. Miti yake ndiyo iliyokula nyasi za mae. Basi tumlilie mae juu ya miti yake."

 Wakayatandika, watu wakaingia wakakaa. Wewe ulikuja ukakaa kwenye mapaja yangu, ukawa unafuatisha shina la msonobari kwa kidole, ukaniuliza kwa sauti, "Tata, huu si ndio msitu wako?" Nikasema, "Ndiyo." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na bango lake. Na wewe ulikuwa unang'aa uso kwa fahari, katikati ya kilio. Nikaona nikuache na furaha yako. Nilijiambia wewe ni mtoto, utasahau.

Hukusahau. Ukaisomea kazi hiyo. Miaka yote hiyo ya chuo nilikuwa nikikuona unarudi likizo na vitabu vya mazingira, unanieleza habari za nyika kwamba nazo ni mali, zina faida zake, nami naitikia tu, "Eeh, eeh," nikijua kwamba mlango umefunguliwa na sina ujasiri wa kupita. Nilipojiuzulu ukatibu niliwaambia ni mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Kwenye kikao kimoja nilijaribu kusema kilima cha nne tukiache kama kilivyo. Wakaniuliza, "Mwalimu, umechoka?" Nikasema labda nimechoka. Kilima kiliachwa, lakini kwa sababu miche haikutosha. Sina sifa ninayoweza kujipa hapo.

Sasa nieleweke. Sikuambii misonobari ni mibaya. Nyumba nyingi pale kijijini zimeezekwa kwa mbao zake, na hata jeneza la bibi yako lilitokana nayo. Wala sikuambii wale watu wa makongamano ni wabaya, au ubaki nyumbani. Nenda! Nilijisikia kulia kwa furaha siku barua yako ilipokuja, muulize mama yako. Nimejifunza mengi kule, mengi kuliko chuoni. Nilikaa meza moja na mtu wa kutoka visiwa vya mbali akanieleza jinsi wanavyolinda samaki wao, nikaja nikawasimulia wavuvi wa kisiwa cha Goziba, na walinisikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza ofisa yeyote. Kubadilishana ni kitu kizuri sana. Lakini mimi nilikwenda kubadilishana na kitu ambacho hakikuwa changu, nikarudi na makofi.

Ninachokuogopea ni kwamba utafika pale na ukurasa huo wa pili, watakupenda, na wewe hutakuwa umesema uongo hata mmoja, kwa sababu unaamini kila neno. Uongo utakuwa wangu, ila sauti itakuwa yako. Hilo ndilo lililoninyima usingizi siku hizi nne.

Jana nilikuaga kwamba naenda Muleba kuangalia kahawa. Sikwenda kuangalia kahawa. Nilikwenda kwenye kile kilima cha nne nikiwa na mundu wa bibi yako, ambao Justa ameutunza, na nikakata nyasi tangu asubuhi mpaka jua la saa nane. Sikujua kazi ile ni ngumu kiasi kile. Nilikata mafungu matatu, nikajikata kidole pia. Ulipouliza asubuhi kidole kimekuwaje, nikasema kisu cha jikoni. Haya, na huo nao ni uongo, uuweke pamoja na mingine. Nilipakia mzigo kwenye buti la basi, kondakta akanicheka njia nzima: "Mwalimu, siku hizi unafuga ng'ombe Nshambya?"

Mchana wa leo, ulipokwenda mjini kubadilisha pesa, nimesogeza meza na viti na nimezitandika sebuleni, juu ya vigae vya mama yako alivyovisubiri miaka kumi. Amesimama mlangoni akaniuliza kama kuna msiba au nimeanza kuchanganyikiwa. Nimemwambia yote, naye mengi hakuyajua. Ameinama akashika nyasi, halafu akasema, "Na mtoto?" Nimesema namwandikia. Ndipo akaenda jikoni, na tangu hapo ananung'unika, lakini nimechungulia nikamwona amevua viatu na anapita juu ya nyasi taratibu.

Ukirudi, vua viatu na wewe. Kaa chini, usome barua hii hapohapo. Nitakuwa uani. Ukimaliza ukataka kunifokea, njoo, nimejiandaa. Ukitaka kulala kwanza, ulale, kesho tutazungumza njiani kwenda uwanja wa ndege.

Hotuba ni yako. Sikwambii ufute ukurasa wala uandike nini. Umekua, na unayajua mambo ya nyika kuliko mimi. Nakupa tu ile picha niliyoificha, ya wanawake wawili wameinama kwenye nyasi za kiunoni. Iko ndani ya bahasha hii. Yule wa kushoto hutamtambua kwa sababu uso umefichwa na nyasi, lakini utaitambua kanga, kwa sababu ndiyo mama yako aliyokubebea.

Nina ombi moja. Huenda yule mzee wa kofia ya manyoya yu hai bado, huenda atakuwepo. Na kama si yeye, atakuwepo mwingine wa namna yake, maana hawakosekani, wanakaa viti vya nyuma. Akinyoosha mkono akuulize kabla ya miti nani alikuwa akiitumia ardhi ile, usimjibu haraka kama nilivyomjibu mimi. Vuta pumzi. Kisha mwambie alikuwepo mtu, na umtaje jina. Aliitwa Anastazia. Alikuwa mama yangu.

Tata